Ndege wa Maji na Samaki wa Pemba: Mwongozo wa Matembezi kwa Tarehe za Mwezi

Pemba haina bustani ya wanyama yenye vizimba, wala nyumba ya samaki ya vioo kama zile ambazo watoto huziona kwenye televisheni. Lakini mwenye hamu ya kuwaonyesha wanawe samaki wa rangi, ndege wa maji, kima, popo na kaa hana haja ya kupanda ndege. Vyote vipo kisiwani. Kasoro yake ni kwamba havikai vikakungoja. Bustani ya mjini ina saa zake za kufungua na kufunga, ilhali huku anayefungua mlango ni bahari, na bahari hailingani na ratiba ya wikiendi. Familia nyingi huchagua siku yenye nafasi, zikafika ufukweni saa kumi alasiri na kukuta maji yamejaa hadi kwenye mikoko, mwamba umefunikwa na ndege wametawanyika. Hurudi nyumbani zikisema hakuna cha kuona.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuona. Utakusaidia kuchagua tarehe kwanza, halafu mahali, halafu saa.

Anza na kalenda ya ukutani

Ile kalenda yenye tarehe za Kiislamu iliyotundikwa sebuleni ndiyo ratiba yako ya maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama, yaani tarehe 1 hadi 3, na unapopevuka, tarehe 15 hadi 17. Maji mafu huangukia katikati, tarehe 8 hadi 10 na tena 22 hadi 25 hivi. Mwandamo ukitofautiana kwa siku moja baina ya wale waliouona na wasiouona, matembezi yako hayaharibiki.

Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makavu na maji kujaa katika bahari ya Zanzibar hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu mara nyingi haifiki hata mita 2. Jambo ambalo wavuvi wanalijua na wengi wetu wa mjini tumelisahau ni kwamba saa nazo hazibadiliki ovyo. Siku za bamvua maji hukauka kabisa kati ya saa tatu na nusu na saa tano asubuhi, kisha hujaa kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne bahari imejaa, na alasiri ndiyo inatoka. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Ukilishika hilo, mambo mengine ni mepesi. Kutembea juu ya mwamba na kuona ndege wa pwani kunataka bamvua. Safari ya Misali na kuogelea na miwani kunataka maji mafu, kwa sababu mikondo inapungua, maji yanakuwa maangavu na chombo hakikwami kwenye tope. Msitu wa Ngezi na popo wa Kidike hawana habari na maji, kwa hiyo wawekee siku yoyote iliyobaki.

Msimu nao una neno. Oktoba na Novemba, kusi ikishatulia na kaskazi haijashika, bahari huwa shwari na ndege wahamiaji wameshafika. Januari na Februari ni kavu na ndege bado wapo, ila upande wa mashariki upepo wa kaskazi husumbua. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, barabara za udongo huwa utelezi na ndege wengi wa ng'ambo huwa wanaondoka au wameshaondoka.

Diko la Tumbe: jifunzeni majina kwanza

Kabla hujawapeleka watoto kumtazama samaki akiwa hai, wapeleke wakamjue kwa jina. Tumbe, upande wa kaskazini karibu na Konde, ina soko kubwa la samaki, na asubuhi yake inatosha kuwa somo zima. Fika mapema, vyombo vinapoingia. Ukitaka kuona dagaa kwa wingi, nenda siku za giza la mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa ya mvuvi haifui dafu mbele yake.

Simameni pembeni, si kwenye njia ya wabeba matenga, na msiwakatize wanaonadi. Mnada ukipoa, mwombe muuzaji akuonyesheni samaki mmoja mmoja. Anza na pono, kwa kuwa ni rahisi kumtambua: mwili wa kijani, buluu au wekundu wa kutu, magamba makubwa kama sarafu. Mfungueni mdomo. Meno yake yameungana yakawa kitu kimoja kigumu chenye makali, na ndani kabisa kooni ana seti nyingine ya kusagia. Kwa meno hayo hukwangua mwani na vipande vya matumbawe, akavisaga na kuvitoa kwa nyuma vikiwa mchanga. Mtoto aliyemshika pono sokoni atamtambua baadaye akiwa chini ya maji, na atasikia hata ule mlio wake wa kukwangua mwamba.

Kisha tafuteni kangaja, mwenye wembe uliofichwa pande mbili za shina la mkia. Onyesheni kwa kidole tu, kwa sababu unakata kweli. Tafuteni taa na mwiba wake, chewa na mdomo wake mpana, pweza na ngisi mkawalinganishe idadi ya mikono. Bunju naye huonekana mara moja moja. Waambie watoto wazi kwamba sumu yake huua na kupika hakuiondoi.

Juu ya mwamba, maji yakitoka

Siku ya bamvua, ufuko wa Vitongoji mashariki mwa Chake Chake ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ni karibu na mji na mwamba unaonekana vizuri maji yakishatoka. Teremka saa moja na nusu kabla ya maji kukauka kabisa, ukiyafuata yanavyorudi nyuma. Usiende mbio kuelekea kwenye wimbi. Uhai umo kwenye vidimbwi vilivyobaki nyuma.

Chuchumaeni kwenye kidimbwi kimoja mkae kimya dakika tano. Mwanzoni mtaona maji matupu na mawe. Halafu kamba mmoja wa mwili mwangavu atasogea, macho yakimtangulia. Kombe mliyoidhani imekufa itainuka na kutembea, maana ndani yake amehamia kaa. Kitatange mdogo wa njano atatoka chini ya jiwe, na pembeni mtaona kiti cha pweza, mwekundu au wa buluu, akitambaa kwa miguu midogo laini isiyohesabika iliyo chini ya mikono yake mitano. Jongoo bahari amelala mchangani akimeza mchanga na kuurudisha ukiwa safi. Mkimwinua kiti cha pweza kumtazama, mrudisheni majini upesi, na jiwe lililopinduliwa lirudishwe lilivyokuwa, la sivyo kila kilichokuwa kivulini chini yake kitakauka kwa jua.

Mtawakuta akina mama wa mwani na wachokoaji pweza wakiwa kazini. Toeni salamu, zungukeni mashamba ya mwani badala ya kuruka kamba, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Sehemu nyingine za Pemba, kwa mfano Kisiwa Panza, wanakijiji hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukiambiwa mwamba umefungwa, geuka bila ubishi.

Mambo matatu ya usalama:

1. Maji yakishafika mwisho wa kutoka, geukeni. Bahari inayojaa haiji kwa mbele peke yake. Hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na nchi kavu, na mtoto anaweza kukuta njia aliyopita kwa miguu mikavu sasa ina maji ya kifuani.

2. Vaeni viatu vinavyokaa mguuni. Yeboyebo yenye kamba ya nyuma inafaa. Ndala na makubazi zitabaki kwenye tope. Kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu, kuna taa aliyejifukia mchangani, na kuna samaki mwenye sumu anayefanana kabisa na jiwe. Kwenye mchanga wenye maji, tembeeni kwa kuburura miguu ili taa ashtuke na kukimbia.

3. Msiokote konokono wa bahari wenye umbo la koni, hata wakiwa na madoa mazuri namna gani. Baadhi yao hupiga mwiba wenye sumu ya kuua mtu mzima.

Akichomwa mtu na taa au na yule samaki jiwe, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Moto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu. Mtu mwingine ayapime maji kwa mkono wake kwanza, kwa sababu mwenye maumivu hajui anachokigusa.

Ndege wa maji: wakaribishwe na bahari

Kosa la wengi ni kuwafuata ndege. Ukiwafuata wanaruka. Waache waletwe na maji. Wakati bahari imetoka, ndege hutawanyika juu ya mwamba na tope wakila, mbali na macho yako. Maji yanapoanza kujaa, uwanja wao unapungua na wao wanasogea nchi kavu hatua kwa hatua. Aliyekwisha kaa kitako kivulini huwaona wakimjia.

Kwa siku za bamvua, hiyo ni kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu alasiri. Wakati huo jua lipo magharibi. Kwa hiyo chagua ufuko unaotazama mashariki, jua liwe mgongoni kwako na ndege wawe na mwanga usoni. Vumawimbi, ule mchanga mrefu wa rasi ya Kigomasha baada ya kuvuka msitu wa Ngezi, unafaa sana. Ghuba ya Chake Chake na mikoko yake inatazama magharibi, basi iweke kwa asubuhi.

Hawa ndio wa kutafuta:

Yangeyange wa pwani. Watoto watabishana kwamba wapo wa aina mbili, mweupe pepe na mwingine wa kijivu cheusi. Ni ndege wa aina moja mwenye rangi mbili, na rangi haihusiani na ujike au udume. Tazameni miguu: myeusi, vidole vya njano. Pemba ni moja ya mahali ambapo ndege huyu huzaliana.

Sululu, mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwa chini. Anauingiza kwenye shimo la kaa mpaka machoni. Huyu na vitwitwi wengi mtakaowaona wakikimbizana na povu la wimbi wamezaliwa kaskazini kabisa mwa dunia, Siberia na kwingineko, na huja huku kukimbia baridi kuanzia Agosti na Septemba. Mwongozeni mtoto amtazame kitwitwi mmoja tu kwa dakika nzima: anakimbia, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena. Kuna na yule mfupi wa miguu ya rangi ya chungwa, anayepindua vijiwe na majani ya mwani kwa mdomo kutafuta kilichojificha.

Mla kaa ndiye zawadi ya safari. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene unaoonekana mzito kuliko kichwa. Hutembea kwa makundi na hupiga kelele. Huzaliana kwenye visiwa vya mchanga vya Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, ambako huchimba mashimo na kutaga ndani, na joto la ardhi husaidia kuatamia yai. Kisha hushuka pwani yetu miezi ya kaskazi, kama majahazi ya zamani yaliyokuwa yakiteremka kutoka Maskati. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya pwani anayelelea kinda shimoni namna hiyo.

Ongezeni shakwe na membe wanaopiga mbizi nje ya mwamba, kulastara anayesimama kwenye mizizi ya mkoko, na mdiria wa kijivu na buluu mwenye mdomo mwekundu, anayekaa mikokoni na kushuka kukamata kaa. Darubini ndogo moja inatosha familia nzima ikizungushwa kwa zamu. Manati ibaki nyumbani, na asiyeweza kujizuia kuwarushia ndege mawe apewe kazi ya kuandika hesabu yao.

Msitu wa Ngezi

Njia ya Vumawimbi hupita ndani ya Ngezi, basi viunganishe. Simama getini, lipa kiingilio na uchukue mtembezaji. Yeye ndiye anayejua mti gani umezaa juma hili. Kilometa 50 hivi za mkondo wenye kina kirefu zimeitenga Pemba na bara kwa muda mrefu sana, ndiyo maana ina viumbe wasiopatikana mahali pengine popote. Ndege wa aina hiyo ni wanne: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, yule kijindege wa njano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo wa Pemba. Mitende ya mpapindi mtakayoiona ndani ya msitu nayo ni ya Pemba peke yake kwa asili.

Chozi na kijindege wa njano huonekana hata bustanini mwako, kwa hiyo watoto wanaweza kuanza kuwatafuta leo. Ninga anataka shingo ivumilie kutazama juu. Bundi ni wa usiku, na ukimtaka itabidi upange na mtembezaji mapema mwingie magharibi ikishapita. Wapo wazee wasiopenda kusikia mlio wa bundi, na hakuna haja ya kubishana nao. Mwambie mtoto tu kwamba chakula kikuu cha huyu mdogo ni wadudu.

Kima punju wa Ngezi wana hadithi yao. Asili yao ni Unguja. Wachache waliletwa huku miaka ya 1970, na walio msituni leo ni uzao wao. Paa wa Pemba ni mdogo na mwoga, na utamwona mgongo kabla ya kichwa. Nenda asubuhi mapema au alasiri. Mchana wa jua kali, mwenye akili yeyote msituni amelala.

Misali

Misali ipo magharibi ya Chake Chake, na safari huanzia Wesha. Ni kisiwa kidogo kisicho na kijiji, ila wavuvi wa shehia nyingi wamekuwa wakipiga dago pale tangu enzi. Katika miaka ya 1990 ulipokuja mpango wa kukikodisha kwa mwekezaji wa hoteli, wavuvi walipinga, na mwaka 1998 kisiwa kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Kuanzia 2005 kimo ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Upande mmoja wa mwamba hauvuliwi kabisa, na huko ndiko utakakopelekwa kuogelea. Samaki wasiofukuzwa hawamkimbii mtu.

Chagua maji mafu. Ondokeni Wesha saa mbili au saa mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yanajaa, mwogelee kuanzia saa nne, na mrudi kabla bahari haijakauka alasiri. Ukilazimika kwenda siku ya bamvua, ondoka alfajiri kabla maji hayajatoka, la sivyo mtaburura chombo kwenye tope, na rudini alasiri maji yamejaa.

Mavazi ya kuokolea yahesabiwe kabla ya kupanda, moja kwa kila kichwa, la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Hakuna Mpemba asiyeikumbuka MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikiwa njiani kuja huku. Nahodha akisema yamesahaulika, ahirisheni safari.

Majini, miwani na mrija vinatosha. Aliyejifunza Tumbe sasa atalipwa: pono wanaokwangua, kangaja wanaopita kwa makundi, kikande mwenye hasira za bure, chewa aliyeegemea pango. Asiyejua kuogelea avae boya na kushikilia kamba ya chombo, uso majini, na ataona yale yale. Nanga itupwe mchangani au chombo kifungwe kwenye boya lililowekwa, kamwe si juu ya matumbawe. Kusimama juu ya matumbawe ili kupumzika huua kitu kilichochukua miaka kukua.

Nchi kavu, kisiwa hiki kina kaa mkubwa anayepanda miti na kupasua nazi, mkubwa kuliko kaa wote waishio ardhini. Mchana hujificha shimoni. Msichokonoe kwa fimbo. Mapango ya Misali yanaheshimiwa na watu, basi ulizeni kabla ya kuingia.

Kasa na ng'amba hupanda pwani ya Misali kutaga, na sheria inawalinda. Kama mtu yeyote atawatolea nyama ya kasa, kwa hisani au kwa kuuza, kataeni. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, watu 9 walifariki baada ya kuila, 8 kati yao watoto. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, na moto hauiondoi.

Kidike, jua likizama

Popo wa Pemba si yule mdogo wa darini. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika hadi mita 1.6, anakula matunda, na anaongozwa na macho na pua badala ya mwangwi. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki wachache mno kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa misitu. Vijiji vikaanza kuwalinda, na baadaye wakahesabiwa kwa maelfu mengi. Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, ni kundi lao mashuhuri zaidi.

Fika saa kumi alasiri. Mtawakuta wananing'inia juu ya miti, wakigombea matawi na kujipepea kwa bawa moja kama joto limezidi. Semeni kwa sauti ya chini, msipige makofi kuwarusha, maana popo aliyeshtuliwa mchana anatumia nguvu alizozihifadhi kwa usiku. Msisimame chini yao moja kwa moja, msiguse aliyeanguka, na msile embe lenye alama za meno. Bakini mpaka magharibi, watakapoanza kuruka kwenda kula, na mbegu za matunda hayo wataziangusha mahali pengine usiku kucha.

Mkishavuka kwenda Unguja

Kama safari ya familia inawapeleka Unguja, ongezeni mawili. Nungwi, karibu na mnara wa taa, kuna bwawa la asili la Mnarani ambamo wanakijiji wamekuwa wakihifadhi kasa tangu 1993, na maji yake hupanda na kushuka na bahari. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, kina makobe wakubwa ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kobe hawekewi kitu mgongoni, wala mtoto hapandishwi. Atalishwa majani yanayotolewa pale, basi.

Mkoba, pesa na adabu

Bebeni maji zaidi ya mnavyodhani, kofia, kanga mbili tatu za kujifunika na kutandika, nguo kavu, na chakula kisichochacha kwa joto: mihogo ya kuchemsha, mkate, ndizi. Taka zirudi na nyinyi. Usipeleke watoto Ngezi au Kidike Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane, kwa kuwa mtembezaji atakuwa msikitini. Mwezi wa Ramadhani vyakula vya mchana haviuzwi barabarani, na nguvu za waliofunga si za kutembea mwambani juani; popo wa Kidike alasiri wanatosha. Vaeni nguo za stara mnapopita vijijini, hata mkitoka kuogelea.

Kiingilio hubadilika, kwa hiyo ulizeni bei ya sasa kabla ya kuondoka na mchukue risiti. Na chombo, patana bei nzima mapema: mafuta, kusubiri, kurudi, na idadi ya watu. Usiibishanie ada ya mtembezaji. Mwanakijiji anayelipwa kwa popo aliye hai ana sababu ya kumfukuza mwenye panga na bunduki.

Kwa anayepanga safari ya kwanza, hii ndiyo ratiba ninayoipendekeza. Chagua bamvua ya mwezi mwandamo, tarehe 2 au 3. Alfajiri muwe Tumbe, saa tatu muingie Ngezi na mtembezaji, saa saba mle chini ya mivinje ya Vumawimbi, na saa nane mkae kitako kuwangoja ndege. Juma linalofuata, tarehe 9, nendeni Misali. Siku yoyote katikati, alasiri ya Kidike. Mvua ikiharibu mojawapo, ngome ya zamani ya Chake Chake ina makumbusho yenye paa, na tarehe kama hiyo itarudi baada ya siku 14 au 15.